Shangazi Aliyecheka

Tarehe 14 Januari

Wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mwanetu. Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yananitangazia mvua kabla ya redio. Natumaini nanyi hamjambo.

Najua umeuona mwandiko kwenye bahasha ukamjua mwenyewe. Kama hukuichana, nashukuru kwa hilo tu. Anwani nimepewa na mama muuza vitambaa wa sokoni, yule anayesafiri kufuata mzigo. Anasema una cherehani mbili sasa, na wateja wanajaza benchi. Nambari yako ya simu pia alikuwa nayo, nikaikataa. Simu ungenikatia, na ungekuwa na haki. Barua mtu anaweza kuiweka chini, akaiokota tena hasira zikipungua.

Miaka minne, wifi.

Nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi wa kumi na moja walituita walimu kwenye semina, habari za watoto wanaopata taabu kusoma. Nilikwenda kwa ajili ya chai, sisemi uongo. Mkufunzi alikuwa binti ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha mimi. Siku ya pili akagawa karatasi: maneno yamevurugwa, herufi zimegeuzwa, nyingine zimesimama kwa kichwa. Akanichagua. "Mwalimu, simama usome kwa sauti." Akashika saa mkononi. Nikaanza, nikakwama neno la pili. "Haraka, mwalimu! Wenzako wamemaliza. Mbona hujitahidi?" Ukumbi mzima unacheka. Mimi, mwenye miaka ishirini na sita ya kufundisha, jasho linanitiririka mgongoni, nataka kuwaambia jamani, kusoma najua. Yule binti akanigusa bega. "Kaa, mwalimu. Watoto hao wanajisikia hivi kila asubuhi."

Nilikaa. Wenzangu waliendelea na kicheko, lakini mimi sikuwemo tena. Nilikuwa nimerudi darasa langu la tatu, miaka minne nyuma, namwona Chiriku wetu amesimama na kitabu.

Sijasahau. "Baba amebeba debe la dada." Akasoma, "Dada amedeba bebe la baba." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Halafu nikasema lile neno: "Yaani hata baba yako humjui?" Mdogo wangu, baba yake, alikuwa na miezi mitano kaburini. Mtoto wake amesimama mbele yangu, na mimi, shangazi yake wa damu, ndiye niliyesema.

Ulipokuja kuniuliza, nilikujibu kwamba shuleni hakuna shangazi, kuna mwalimu, na kwamba mtoto ni mvivu na wewe unamdekeza. Wiki iliyofuata nikasikia mmehama.

Siombi uniambie yameisha. Niambie tu anaendeleaje. Amekuwa mrefu? Anaongea? Mimi ndiye niliyempa hilo jina, unakumbuka, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi hata akila. Leo nyumba hii nikisikia panya darini nashukuru kuna mtu.

Wifi yako


Tarehe 20 Februari

Mwalimu,

Barua imefika. Sisi wazima. Natumaini na wewe ni mzima.

Unauliza anaendeleaje. Mwaka wa kwanza tulipofika huku, kila Jumatatu asubuhi alitapika. Nilimpeleka hospitali mara tatu, hawakuona ugonjwa. Akiliona begi la shule tu, anakimbilia chooni. Mbele za watu aliacha kuongea kabisa. Dukani anaonyesha kwa kidole anachotaka. Mteja mmoja aliniuliza kama mtoto ni bubu, nikamwambia ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Halafu wewe unaniuliza kama anaongea.

Siku ile sikuja kwako kugombana. Nilikuja uniambie mwanangu ana nini, maana wewe ndiye msomi wa ukoo, mimi fundi cherehani. Ukasema mvivu. Nikaamini. Wiki nzima nilimchapa, mwalimu. Kila jioni na kitabu, na kila jioni fimbo, mpaka siku moja akaniletea fimbo mwenyewe kabla sijaitaka. Ndiyo siku niliyofunga mizigo. Lile neno lako nimejaribu kulisahau. Hili la kunifanya nimchape kwa mkono wangu mwenyewe, sijaweza.

Sasa ana nafuu. Amepata mwalimu mzuri. Usije. Nilimwambia umeandika, akainuka akatoka nje.

Mama Chiriku


Tarehe 5 Machi

Mama Chiriku,

Asante kwa kujibu. Natumaini barua hii inawakuta na afya. Yako niliisoma nimesimama, na nilipomaliza sikujua pa kukaa.

Sitajitetea. Ila kuna jambo nimelificha tangu utotoni, na naona halina haki ya kukaa kwangu peke yangu. Mume wako, mdogo wangu, mimi ndiye niliyemfanyia kazi zake za shule kuanzia darasa la pili, maana kusoma kulimshinda. Naiga mwandiko wake, makosa naweka mawili matatu ili isishtukiwe. Yeye ananilipa kwa kunichotea maji. Lakini darasani siri hiyo haikuweza kumficha. Nilimwona kwa dirisha akichapwa kwa sababu ya aya moja, nikaapa kwamba nikikua nitakuwa mwalimu asiyeshika fimbo. Na kweli sikuishika. Nilitumia mdomo.

Alipoacha shule darasa la tano, mama yetu alilia. Mimi nilipumua, nikaona siri yetu imepona. Baadaye akawa seremala wa kusifiwa, nikasahau. Halafu mtoto wake akaja na shida ileile mezani kwangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuijua kabla ya mtu yeyote duniani. Badala yake niliona aibu, kama vile siri imerudi darasani, imekaa dawati la mbele, inanitazama. Nikaifukuza.

Mwaka huu nina watoto watatu wa namna hiyo. Semina imenifundisha kuwaona, cha kuwafanyia haikufika. Huyo mwalimu mzuri anafanyaje? Niambie ukipata nafasi. Usipopata, niambie tu kama Chiriku analala vizuri.

Shangazi yake


Tarehe 2 Aprili

Shangazi wa Chiriku,

Salamu. Huku mvua imekata, vumbi linarudi kwenye vitambaa vyeupe. Mgongo unauma, lakini cherehani haijanigomea, sitalalamika. Chiriku analala vizuri. Anakoroma kama mzee.

Umenipa siri, nami nikupe nusu yake iliyobaki. Alipofariki, nilifungua daftari lake la oda ili niwatafute wateja waliokuwa hawajachukua vitu vyao. Hamna neno hata moja. Picha tupu. Mlango umechorwa, mbwa yuko pembeni, yaani mlango wa yule mwenye mbwa. Kitanda na kofia. Kabati na mwanamke mwenye meno makubwa, nikamjua papo hapo, nikacheka peke yangu siku ya tatu ya matanga. Vipimo ni mistari midogo midogo ya kuhesabu. Miaka kumi nilikaa na mtu, nikadhani hasomi gazeti kwa sababu ya maringo. Sikumwambia mtu. Nilidhani namsitiri. Kumbe wewe unasitiri huko, mimi nasitiri huku, na mtoto katikati anaumia.

Huyo mwalimu watoto wanamwita Mwalimu wa Stoo, kwa sababu chumba alichopewa kilikuwa cha mafagio. Siku ya kwanza hakumpa Chiriku kitabu. Alimpa sinia la mchanga, akamwambia chora unachotaka. Wiki mbili wanachora tu. Halafu akaniita mimi, akaniagiza nishone herufi. Nikakata jinzi kuukuu, nikazishonea kwenye kadibodi, kila moja kubwa kama kiganja. Mtoto anafumba macho, anapapasa, anaitamka. Zile b na d ndizo zilizomtesa, kama unavyojua. Siku moja anapapasa akasema, "Mama, hii d tumbo linatangulia, kama mjamzito anayeingia mlangoni." Tulicheka mpaka mteja akaja akatukuta tumeketi sakafuni. Toka siku hiyo akiikuta d anamtafuta mjamzito wake kwanza.

Maneno wanayakata kwa makofi, kipande kipande. Aya moja anaisoma mara tatu, siku tatu. Ana kadi iliyotobolewa dirisha, anaiteleza juu ya ukurasa aone mstari mmoja tu, mingine isimkimbilie. Darasani anakaa mbele. Ubaoni hanakili, anapewa karatasi iliyochapwa. Na hakuna mwalimu anayeruhusiwa kumsimamisha asome kwa kumshtukiza. Akitakiwa kusoma kesho, anaambiwa leo. Hilo la mwisho Mwalimu wa Stoo alilipigania kwenye kikao cha walimu mpaka wakamnunia. Maswali ya historia anajibu kwa mdomo, na akianza kujibu unamwomba anyamaze wengine nao wajibu. Kwa hiyo ndiyo, anaongea. Anapokuwa na watu aliowazoea.

Jaribu mchanga na hao watatu wako. Mchanga haupungui shuleni.

Sasa nina jambo, na nimezunguka nalo wiki mbili nikitafuta njia isiyopita kwako. Haipo. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni mwisho wa Oktoba. Tumeomba aongezewe muda, akae chumba cha peke yake, na awepo mtu wa kumsomea maswali. Ofisi ya mitihani inataka uthibitisho kwamba shida hii alikuwa nayo tangu madarasa ya chini, tusije tukawa tumeibuni mwaka huu. Wakaagiza faili lake kutoka shule ya huko. Limefika. Ndani, kwa mwandiko wako: "Mvivu. Hana nia. Anampuuza mwalimu." Wametuambia mvivu haongezewi muda.

Andika ukweli. Mwalimu mkuu wenu aipige muhuri. Ifike ofisi ya mitihani ya huku kabla ya tarehe thelathini Mei.

Mama Chiriku


Tarehe 13 Mei

Mwalimu,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo.

Leo ni wiki ya sita. Zimebaki siku kumi na saba. Chiriku haniulizi, ila nikitoka posta anatazama mikono yangu kabla ya uso. Nilishamwambia umekubali. Nimemdanganya kwa ajili yako.

Kama umeogopa, sema umeogopa, nitafute mlango mwingine. Usininyamazie. Kunyamaziwa na wewe nakujua.

Mama Chiriku


Tarehe 1 Juni

Mama Chiriku,

Salamu baadaye, kwanza lililo muhimu: imefika. Tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, niliiweka kwa mkono wangu juu ya kaunta ya ofisi ya mitihani ya huko kwenu. Karani akanipa karatasi ya kupokea. Nakala nimeiweka humu.

Ndiyo, niliogopa. Barua ya kwanza niliiandika wiki ileile uliyoniomba. Ilikuwa nzuri, ya kiofisi. "Mwanafunzi alionyesha changamoto katika baadhi ya maeneo." Nikaipenda. Lakini kila nikitaka kuipeleka naisoma tena, naona mtoto ana changamoto, darasa lina msongamano, na mwalimu hayumo. Ikakaa kwenye mkoba wangu wiki tano. Mwaka huu walikuwa wanatafuta mwalimu mkuu msaidizi, na jina langu lilikuwa la kwanza. Basi umejua yote.

Ulipoandika "sema umeogopa," niliichana, nikaandika nyingine. Hii hapa, nisije nikajisifia maneno ambayo hayamo: "Mimi niliyetia saini hapa chini ndiye niliyeandika katika faili la mwanafunzi huyu kwamba ni mvivu. Haikuwa kweli. Alikuwa anageuza herufi, anapoteza mstari, na anajibu vizuri kwa mdomo kila alichoshindwa kukisoma. Niliyaona hayo yote. Sikumsaidia. Nilimdhihaki mbele ya wenzake. Naomba asiadhibiwe mara ya pili kwa kosa langu."

Mwalimu mkuu aliisoma akavua miwani. "Mwalimu, kujitia kitanzi ni hiari yako. Mbona ncha nyingine ya kamba umenifunga mimi?" Akaninyima muhuri. Nikarudi kesho yake, akaninyima. Mara ya tatu akasema ana mgeni, na mgeni hakuwepo. Mara ya nne nilimwachia mwenzangu darasa, nikabeba kiti changu na madaftari, nikakaa mlangoni kwake nikisahihisha. Kila mzazi anayepita ananisalimia, ananiuliza mwalimu unangoja nini hapa. Namjibu nangoja muhuri. Kufika saa sita akaniita ndani, akaupiga ule muhuri kama mtu anayeua nyoka.

Kwa posta isingewahi tena. Nikapanda basi.

Sasa lililobaki, na hili nakiri mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu. Ulisema nisije. Nilipotoka ofisini nilikuwa na saa tatu kabla ya basi la kurudi, na miguu ikanipeleka mtaa wa mafundi. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikasimama ng'ambo ya duka lako, kwenye duka la viatu. Nikamwona. Wifi, amekuwa mrefu! Amebeba jora la kitambaa begani, penseli imechomekwa sikioni vilevile alivyokuwa akiichomeka baba yake. Nikashika nguzo. Halafu akaanza kubishana na mteja mmoja mnene habari za mikono ya gauni. Sikusikia maneno, niliona mdomo tu na vidole vinapima hewani, na yule mteja anashindwa, anacheka, anakubali. Anaongea, wifi. Anaongea.

Sikuvuka barabara. Mwenye duka alianza kunitilia shaka, nikanunua ndala ambazo hata hazinienei, nikaondoka. Mpaka nafika kituoni miguu ilikuwa inataka kurudi yenyewe. Kama nimekosa kwa kusimama pale, nisamehe na hilo.

Shangazi yake


Tarehe 20 Juni

Wifi,

Salamu sana. Magoti vipi?

Majibu yametoka. Muda wamempa, nusu saa kwa kila karatasi. Chumba cha peke yake wamempa. Msomaji wamekataa, wanasema msomaji ni wa wasioona. Mwalimu wa Stoo amekasirika mpaka sauti imemkauka, lakini mimi niliposikia nusu saa nilikaa chini. Nusu saa kwake ni bahari. Karani alimwambia Mwalimu wa Stoo kwamba barua yako waliisoma ofisi nzima, wakapeana. Hawajawahi kupokea ya namna hiyo.

Kuhusu duka la viatu. Alikuona. Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani, akaniambia taratibu, "Mama, Shangazi yuko pale ng'ambo. Anajifanya anachagua ndala." Nikainua kichwa, nikaona mgongo wako unakwenda. Nikamuuliza, nimkimbilie? Akaendelea kukata kitambaa. Akasema, "Mwache. Akiingia humu nitamwogopa."

Miaka yote minne nilidhani ni hasira, nikamsaidia kukasirika. Kumbe mtoto anaogopa. Nakuambia hivi ujue. Sikuambii ili uumie, ingawa najua utaumia.

Wifi yako


Tarehe 8 Oktoba

Wifi yangu,

Hamjambo nyote? Mimi mzima. Nimesoma barua yako mara nyingi, kila nikianza kujibu naichana karatasi, ndiyo maana nimekawia.

Ukuu msaidizi amepewa mwingine, kijana hodari. Mimi nimeshushwa darasa la kwanza, watoto themanini na wawili, wote pua zinatiririka. Mwalimu mkuu alidhani ananiadhibu. Nimepata sinia la mchanga, na dada mpishi wa shule ananikatia maboksi ya mafuta, tunatengeneza herufi. Wale watatu bado wanakuja kwangu wakati wa mapumziko. Mmoja jana alisoma jina lake kwenye daftari la mahudhurio, akaniuliza kwa mshangao, "Mwalimu, siku zote nilikuwa nimeandikwa hapa?"

Mtihani umebaki wiki tatu. Sitamtumia salamu, zisije zikamtia baridi. Nitakuwa namwombea tu, kila saa mtakayokuwa mnangoja nje na mimi nitakuwa nangoja huku. Usimwambie.

Wifi yako


Tarehe 10 Novemba

Wifi,

Tumevuka salama, natumaini na wewe hujambo.

Asubuhi tatu nilisimama getini na wazazi wengine. Watoto wote wanatoka, wazazi wanawachukua, geti linabaki na mimi na baba mmoja ambaye binti yake haoni vizuri, naye alipewa chumba chake, jengo moja na Chiriku. Tulikuwa tunatazama mlango mmoja. Siku ya kwanza alitoka anacheka. Siku ya pili, siku ya insha, alitoka macho mekundu. Alikuwa nayo yote kichwani, anasema, mwanzo mpaka mwisho, ila mkono haukufika. Kengele ilimkuta katikati ya sentensi. Njia nzima ananisimulia hiyo insha, na wifi, ilikuwa nzuri. Nilitamani huyo msahihishaji angekuwa anapita nyuma yetu.

Siku ya tatu alirudi akalala na viatu. Nikamvua, nikaona kalamu imemchimba kidole hadi imeacha shimo. Nikakishika muda mrefu.

Umeniambia nisimwambie kwamba unangoja. Sikumwambia. Ila tulipokuwa tunakula alisema, "Na Shangazi leo atakuwa hafanyi kazi." Sijui alijuaje.

Wifi yako


Tarehe 22 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mzima, ila amenuna.

Mama anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asirekebishe, na akimaliza nitaipitia kwa kadi yangu nione kama ameongeza chumvi.

Matokeo yametoka. Hesabu na sayansi nimefanya vizuri sana. Insha nimepata kidogo kwa sababu ya kengele. Nimechaguliwa shule ya ufundi, nimechukua umeme. Mama alidhani nitachukua ushonaji, ndiyo sababu ya kununa. Nimemwambia nyaya zina rangi. Waya wa bluu haugeuki kuwa wa kahawia hata ukiutazama umechoka.

Barua zako nne zote mama amenisomea. Kuna mahali anaruka. Najua, kwa sababu anameza mate kabla ya kuruka. Umemwomba mama msamaha. Mimi hujaniandikia hata bahasha moja yenye jina langu. Na mimi ndiye niliyesimama na kitabu.

Nataka yangu. Andika herufi kubwa, usiziunganishe. Ukiandika mstari ruka mstari. Sentensi ziwe fupi. Usiweke methali, nikifika mwisho nasahau mwanzo. Usimwonyeshe mama. Nitaisoma mwenyewe, nimefunga mlango.

Usije kwanza. Nikikuwaza bado naogopa. Kidogo, si kama zamani.

Nikichelewa kujibu usidhani nimekasirika. Mimi huwa nachelewa tu.

Mama anasema barua haiishi hivyo, lazima salamu. Salamu.

Mtoto wa mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 3 Januari

Chiriku,

Mimi ni Shangazi.

Barua hii ni yako.

Mama hajaiona.

Ulikuwa na miaka tisa.

Nilikucheka mbele ya darasa.

Nilisema neno baya juu yako na baba yako.

Halikuwa kweli.

Mimi ndiye niliyekosa.

Wewe hukukosa kitu.

Naomba unisamehe.

Ukikataa, nitaelewa.

Sitakuja mpaka uniite.

Nina swali moja la umeme.

Waya wa bluu unafanya kazi gani?

Mimi sijui.

Usiharakishe.

Nangoja.

Shangazi yako